Mabomba Tuliyoyatundika Juu ya Moshi

Herufi zangu ni kubwa kama kabichi na daftari hili lina mistari myembamba, kwa hiyo mtanivumilia. Nimesoma mpaka darasa la nne, nikatolewa kwenda kulea mdogo wangu, lakini betri hazikuwahi kuniuliza cheti. Nyinyi mliobaki pale kituoni mnanijia kila siku na maswali yaleyale, na mimi nimestaafu, magoti yamegoma kupanda kile kilima kwa ajili ya swali moja. Basi nimeandika. Someni, kisha mniache ninywe chai.

Kikundi chetu cha akina mama, kule mlimani juu ya Gare, kilipata kwa mradi mmoja mabomba sita ya kupulizia dawa mashambani, yale ya mgongoni yanayoendeshwa na betri. Tukapata na banda la bati lenye paneli za jua za kuchajia, ndicho hicho kituo chenu, maana umeme wa nguzo ulikuwa haujapanda huko. Mtu wa mradi akasimama mbele yetu akauliza, "Nani kati yenu haogopi umeme?" Wenzangu wote wakatazama miguu yao. Mimi nikanyoosha mkono, kwa sababu palikuwa na kiti kimoja tu na nilidhani atakayekubali ndiye atakayekikalia. Kumbe kiti kilikuwa cha yule bwana, na jioni akaondoka nacho. Mimi nikabaki na betri, mpaka macho yalipokataa.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Singano, fundi redio wa Lushoto mjini. Alikuwa mzee mwembamba, Mlutheri, anayevaa koti zito hata jua likiwaka. Mradi ulimwomba apande kwetu kila Jumatano. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitika, akanipa kifaa cha njano chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Mama Rashidi, hii ni mita. Usiioshe, usiilalie, usimwazime mtu."

"Na nikiombwa?"

"Sema imekufa. Mimi nimeishi mjini miaka yote kwa uongo huo."

Akafungua betri ya bomba. Ndani mlikuwa na seli tatu, kila moja nene kama kidole gumba cha mkulima, zimefungwa pamoja kwa plastiki ya bluu. Juu yake kimebandikwa kibao cha kijani, kidogo kiasi kwamba nilidhani ni uchafu, nikataka kukikwangua kwa ukucha. Fundi akanipiga mkono, si kwa nguvu.

"Huyo ndiye mlinzi. Seli ikijaa, mita inasoma volti nne na pointi mbili. Ikishuka ikikaribia tatu, mlinzi anafunga mlango. Bomba linanyamaza, na wewe utasema betri imekufa. Haijafa. Imekatazwa."

"Kwa nini asituache tuimalize? Si yetu?"

"Ndani mna karatasi ya shaba, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Betri ikikaushwa mno, ile shaba inayeyuka. Ukija kuichaji, inaganda mahali ambapo si pake. Hapo umeshika moto, Mama Rashidi, na moto huo hauzimwi kwa kupuliza."

Nilielewa nusu. Nusu ya pili nilikuja kuielewa kwa machozi, na ndiyo habari ninayotaka muipate kwangu kabla hamjaipata kwa watu. Maana huku kwetu habari ikishafika sokoni, betri moja inageuka nyumba tatu zilizoteketea.

Mwaka ule wa kwanza nilikuwa hodari, au nilijiona. Nilijua kupima, nilijua kuchaji, nilijua kumfokea mtu aliyeweka betri jikoni ipate joto wakati wa baridi. Kuna mama alipanda kutoka Mnazi kumtembelea binti yake, akaniambia kwao huko chini mtu aliacha betri ndani ya banda la bati adhuhuri mpaka ikavimba kama chapati. Nikamwambia hapa kwetu tatizo ni kinyume, jua lenyewe tunalitafuta kwa tochi. Nilijibu hivyo kama mtu aliyesomea.

Sasa niwatambulishe kwa Bi Mwanaidi, wale msiomjua, ingawa asiyemjua kwa sura anamjua kwa sauti. Ni jirani yangu. Tulichunga mbuzi pamoja, tukaolewa mwaka mmoja, na tangu hapo hakuna siku aliyopita mlangoni kwangu bila kunisema. Bega lake la kulia liliharibika alipoteleza na tenga la plamu kwenye ile njia ya mtoni, kwa hiyo bomba la mkono, lile la kusukuma wenzo, haliwezi. Bomba la betri lilipokuja alilia, kisha akasema ni moshi. Kwenye matuta yake alikuwa na viazi vyekundu vilivyotoka kwa mama yake, na mama yake alivipata kwa bibi yake. Wote tulishahamia viazi vyeupe vinavyopendwa na madalali. Yeye peke yake ndiye aliyebaki na mbegu ile. Ikifa kwake, imekufa kabisa.

Kila bomba lilikaa kwa mama mmoja na kuhudumia majirani zake. Moja lilikaa kwa Mwanaidi.

Mwezi wa saba tukamaliza kuchimba viazi vya masika, ikawa wakati wa kuweka mabomba mpaka vuli. Nanyi mnajua kwetu chombo kinawekwaje. Kibuyu kinamwagwa, kinaoshwa, kinakaushwa, kinatundikwa darini juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Mtu anayeweka chombo na kitu ndani ni mchafu, au anaficha jambo. Basi nikasimama mbele ya akina mama, mikono kiunoni, nikawaambia:

"Tieni maji safi, washeni, liacheni bomba likimbie mpaka linyamaze lenyewe. Likinyamaza ndipo limekuwa tupu kweli. Kisha tundikeni darini."

Wakanipigia makofi. Fundi hakuwapo, kifua kilimshika baridi ile, Jumatano zake zikakatika. Wala sikufikiria kumuuliza. Nani anamuuliza mwanamume namna ya kuweka vyombo?

Mabomba sita yakatundikwa juu ya moshi, matangi matupu, na betri tupu ndani yake. Miezi minne.

Vuli ikaja. Viazi vikachanua, na ukungu ukashuka ukakaa. Siku ya kwanza ya ukungu mkulima wa kwetu anatazama majani. Siku ya pili anatafuta dawa. Siku ya tatu majani yanaanza madoa meusi, na usipopulizia, wiki haiishi shamba limeungua kama limemwagiwa maji ya moto. Asubuhi ya siku ile ya tatu nikamsikia Mwanaidi kabla sijamwona.

"We Mama Rashidi! Mtoto wako amegoma kuamka!"

"Mbonyeze."

"Nimembonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Njoo umbonyeze wewe mwenye mita."

Nikabonyeza. Kimya. Nikapima, mita ikasoma sifuri. Kabla sijasema neno akaingia mama wa pili na bomba, akafuata wa tatu. Kufika adhuhuri yote sita yalikuwa juu ya meza yangu, yananuka moshi, na mita inasoma sifuri, sifuri, sifuri. Nje ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe wa jirani namsikia kengele tu.

Nikafungua betri zote nikazipakia kwenye tenga, nikadandia lori la mboga kwenda Lushoto. Mwanaidi akapanda nyuma yangu. Hakunisema njia nzima, na hapo ndipo nilipoogopa.

Fundi Singano alikuwa dukani kwake, koti mwilini, anakohoa. Akatazama lile tenga, akanitazama mimi.

"Mlizihifadhi wapi?"

"Darini."

"Zikiwa na kiasi gani?"

"Tupu. Tuliziendesha mpaka zikanyamaza."

Hakufoka, na afadhali angefoka. Akachukua kisu akachana plastiki ya bluu, akaweka ncha za mita kwenye seli zenyewe, chini ya mlinzi. Hili mlishike: betri iliyofungwa na mlinzi, ukiipima kwa nje inasoma sifuri, hata kama ndani bado ipo hai. Nje unapima mlango. Ukweli uko ndani.

"Mbili na pointi saba," akasema. "Hii imelala. Mbili na sita. Mbili na nne, inaumwa lakini inasikia." Betri nne zikaenda upande wa kulia. Ya tano, seli yake moja ilisoma moja na pointi nane, akaiweka kushoto. Ya mwisho ilikuwa ya Mwanaidi. Seli ya katikati ilisoma moja na pointi nne. Akaiweka kushoto vilevile.

"Mlinzi si alifunga mlango?" nikauliza. "Si ulisema anazuia?"

"Alifunga. Lakini mlinzi naye anakula. Kidogo sana, kama panya mmoja. Na betri yenyewe inavuja taratibu ikikaa tu, kwenye joto ndiyo zaidi. Anapofunga mlango huwa amebakiza akiba kidogo ndani, ya siku chache, urudi uichaji. Wewe ulimwachia ileile akiba miezi minne, juu ya moto."

Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kigoda, kashika bega lake. Akasema taratibu, Kishambaa kwanza, kisha akarudia Kiswahili ili Fundi naye asikose:

"Kwa hiyo kile kinachobaki ndani ndiyo mbegu. Na wewe, Mama Rashidi, umetufundisha kula mbegu."

Nimeitwa mengi maishani. Hakuna lililonipata kama lile.

Fundi akasema zile nne atazichaji polepole, kwa umeme mdogo sana, akiweka mkono juu yake kila mara, mpaka kila seli ipite tatu, ndipo azipe chakula kamili. Kazi ya siku mbili, na hataki kuharakishwa. Zile mbili za kushoto tuziache kwake, hazichajiwi tena maisha.

"Siku mbili viazi vyangu havina," akasema Mwanaidi.

"Mama, chini ya mbili sichaji. Hata ungekuwa dada yangu."

Akageuka kukohoa. Mimi nikaichukua betri ya Mwanaidi, nikaiviringisha kwenye kanga, tukaondoka. Niliiba, ndiyo. Betri ya kikundi changu mwenyewe.

Asubuhi yake nikafanya jambo ambalo nikimwona mmoja wenu analifanya nitakuja na bakora, magoti yatake yasitake. Nilimruka mlinzi. Nikachukua nyaya mbili nikaziunganisha kutoka paneli moja kwa moja kwenye seli. Mlinzi alikuwa amekataa kufungua na mimi nikaingilia dirishani. Mwanaidi alisimama mlangoni, na nyuma yake ukungu ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Kwa jua lile paneli ilikuwa inatoa umeme wa kulambisha tu, na nadhani ndicho kilichoniokoa.

Mita ikapanda. Moja na tisa. Mbili na moja. Nikamwambia Mwanaidi, "Umeona?" Kisha ikasimama. Nikaweka mkono, seli ya katikati ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka majivuni. Plastiki ya bluu ikaanza kunyanyuka, na ikaja harufu tamu, kama peasi zilizooza.

"Mama Rashidi, toka."

"Ngoja kidogo, imefika mbili na..."

"Toka, mwanamke!"

Nikang'oa nyaya, nikachukua beleshi, nikaikomba betri nikairusha nje kwenye lundo la mchanga. Ikatoa mlio kama mafuta kwenye kikaango, ikafuka moshi mweupe, ikatapika kitu cheusi. Kisha ikanyamaza. Tulibaki tumeshikana mikono kama wanawali.

"Sikiliza," akasema Mwanaidi. "Viazi vikifa, vife peke yake. Ukifa wewe navyo, mimi nitamsema nani?"

Nikaenda nyumbani nikatoa bomba la mkono la marehemu mume wangu, lile la wenzo. Lilikuwa linavuja kwenye mpira, nikalifunga kwa ukanda wa tairi. Nikavaa koti lake na buti zake, nikalibeba mpaka shambani kwa Mwanaidi. Mtu mmoja, wenzo mmoja, mlima umesimama wima kama ukuta wa nyumba. Mwanaidi alichota maji mtoni kwa mkono wake mzima, akachanganya dawa, na ulimi wake ukapona papo hapo.

"Pulizia chini ya jani, si juu! Viazi vinanywea juu?"

"Ukitaka shika wewe."

"Ningekuwa na bega ningekuita?"

Nilianza matuta ya juu, ambako ugonjwa ulikuwa bado madoa machache. Siku nzima. Kesho yake tena, mgongo umekakamaa, nasukuma wenzo kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikataa hata kushika kijiko. Siku ya tatu lori likaleta betri nne za Fundi, zimeamka. Tukazizungusha nyumba hadi nyumba kwa zamu, tukaanza na wenye watoto wadogo. Matuta ya chini ya Mwanaidi yaliungua yote. Ya juu yalipona. Shamba langu sikuwahi kulifikia. Msimu ule kwangu tulikula makande na mboga chungu ya mshunga, na mjukuu wangu Zuhura, aliyekuwa ndio anaanza shule, aliuliza kama viazi vimehama.

Alipochimba, Mwanaidi alikuja na kikapu kidogo. Ndani mlikuwa na viazi vyekundu, vidogo kama mayai ya kuku mchanga.

"Panda," akasema. "Mbegu ikikaa nyumba moja inaliwa na mjinga mmoja."

Mjinga nilikuwa mimi. Nikapanda.

Toka mwaka ule kazi yetu ikawa na utaratibu, huohuo mliourithi mkadhani umeshuka kutoka mbinguni. Tangi linaoshwa, linakaushwa, linatundikwa popote. Betri inatolewa, haitundikwi na chombo. Inawekwa nusu, si tupu wala si imejaa, maana iliyojaa nayo ikikaa miezi inachoka. Inakaa kwenye rafu ya kituo, penye ubaridi, mbali na jiko. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi inapimwa. Ikiteremka inaongezewa. Bomba likinyamaza shambani, hata kama limebaki tuta moja, unarudi nyumbani. Usilizime na kuliwasha tena na tena kumkamua mlinzi, wala usimruhusu fundi wa barabarani aunganishe waya juu yake. Sikuhitaji kuwaeleza akina mama habari za shaba. Niliwaambia: kilichobaki ndani ni mbegu, na mbegu hailiwi. Hakuna mwanamke wa mlima huu aliyeniuliza mara mbili. Jumamosi za kupima zikaanza kuwa na makande, kisha chai, kisha umbea, na nadhani wengine waliacha kuja kwa ajili ya betri zamani sana.

Fundi Singano alituacha miaka kadhaa baadaye, kifua kilekile. Mwanawe aliniletea kisanduku chenye mita yake mwenyewe, nzuri kuliko yangu, na karatasi yenye mwandiko wake: "Ya Mama Rashidi, aliyeniibia betri." Alijua siku zote. Hakuwahi kunitajia.

Kilichonitoa kazini ni macho. Nilianza kusoma tatu nikidhani ni nane, na kwenye kazi hii hiyo si tofauti ndogo. Sasa mita ya Fundi anaishika Zuhura, aliyerudi kutoka chuo cha ufundi na vyeti viwili na adabu zote. Najivuna, ndiyo, nani atanikataza? Anajua mambo ambayo mimi sikuyajua, ana kifaa kinachopima seli zote tatu kwa mara moja. Lakini nimemwona, akiletewa betri inayosoma sifuri, haitupi. Anafungua anapima ndani kwanza.

Jumamosi yangu ya mwisho kituoni ilikuwa mwezi wa saba, siku ya kuweka. Waliimba, wakanivika kitenge, nikavumilia. Betri zikapita mezani moja moja, Zuhura anasoma kwa sauti, mimi nimekaa kwenye kiti. Ndiyo, mwishowe nilipewa kiti. Nusu, nusu, nusu. Mwanaidi akafika wa mwisho, anachechemea, betri ndani ya kikapu.

Zuhura akapima. Akapima tena.

"Bibi Mwanaidi, shikamoo, lakini hii imejaa kabisa."

"Marahaba. Najua."

"Haiwekwi ikiwa imejaa, bibi. Inatakiwa ipunguzwe mpaka nusu ndipo tuipokee."

"Miaka yote hii nimekaa kwenye kikundi hiki, utaniambia wewe?" Akanigeukia. "Ina kazi ya asubuhi nzima, na vitunguu vyangu vinataka maji. Bega langu kila mtu analijua, siku hizi hata kubeba bomba limekataa. Sasa huyu mstaafu, tangu kesho ataamka afanye nini? Akae mlangoni anune?"

"Mwanaidi, magoti yangu."

"Tutakwenda polepole. Ikifika nusu tunarudi. Haya, au mpaka nikuandikie barua?"

Kesho yake asubuhi nikazitafuta buti za marehemu mume wangu, nikazivaa.